Namna ya Kuandika Wasifu wa Mshairi Aliyekuwa Mwalimu: Mfano wa Robert Hayden

Wasifu wa mshairi, kama tulivyouzoea katika magazeti na katika kurasa za mwisho za diwani, huenda kwa mwendo mmoja: alizaliwa, akasoma, akachapisha, akatuzwa, akafariki. Msomaji akimaliza anazijua tarehe, lakini hajui kwa nini mtu huyo aandikiwe wasifu na jirani yake asiandikiwe. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandika kwa Kiswahili maisha ya mshairi wa kigeni, hasa mshairi aliyekula mshahara wa ualimu, kwa kuwa huyo ndiye anayedhulumiwa zaidi na mtindo huo: nusu ya umri wake, ile aliyoimaliza darasani, hufupishwa ikawa sentensi moja. Mfano nitakaoushika ni Robert Hayden, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Detroit, katika jimbo la Michigan, tarehe 4 Agosti 1913, akafundisha katika vyuo vikuu kwa zaidi ya miaka 30, na akafariki mwaka 1980.

Anza na shairi moja

Kabla ya kutafuta tarehe yoyote, chagua shairi moja la mtu wako, ulisome mpaka ulijue kwa moyo, kisha ujaribu kulitafsiri hata kama tafsiri hiyo hutaichapisha. Kwa Hayden, shairi linalofaa ni "Those Winter Sundays", lililomo katika diwani yake ya mwaka 1962. Lina mishororo 14 iliyogawanywa katika beti tatu, wa kwanza mitano, wa pili minne, wa tatu mitano. Halina vina vya mwisho, na msomaji aliyelelewa katika vina na mizani atakuwa tayari kuliita guni na kuliweka kando. Asifanye haraka. Idadi ile ya 14 ni hesabu ya soneti, na sauti zilizokosekana mwishoni mwa mishororo zimefichwa ndani yake, kwa maana konsonanti ya /k/ inagongagonga katika shairi zima kama kuni zinazopasuka.

Kisa chenyewe ni kifupi. Baba anaamka alfajiri hata siku ya Jumapili, katika baridi kali, na kwa mikono iliyopasuka kwa kazi za juma zima anauchochea moto mpaka nyumba inapata joto. Hakuna anayemshukuru. Mtoto anaitwa vyumba vinapokuwa vimekwisha kupashwa, anaamka polepole kwa kuzihofia hasira za nyumba ile, na anazungumza bila kujali na mtu aliyeifukuza baridi na kumsafishia viatu vyake vizuri. Mwishoni, mtoto huyo ambaye sasa ni mtu mzima anajiuliza mara mbili alikuwa anajua nini.

Nilipojaribu kulitafsiri kwa mara ya kwanza nilikwama katika mambo matatu, na kila kimoja kilinifundisha jambo la kuandika katika wasifu. Kwanza ni majira: nilitaka kuandika kipupwe, neno zuri lenye sauti ya shairi, lakini kipupwe chetu ni ubaridi wa mwezi wa sita na wa saba ambao mtu huumaliza kwa kujifunika kanga, na baridi ya Detroit huua. Pili ni moto. Hayden anazungumzia moto uliofukiwa majivuni usiku ili makaa yasizimike, na hapo Kiswahili kilinifaa kuliko nilivyotegemea, kwa sababu kufukia moto ni kazi inayojulikana katika jiko lolote la kuni. Tatu ni neno la mwisho kabisa la shairi, "offices", ambalo kwa Kiingereza cha leo linamaanisha mahali pa kazi na kwa Kiingereza cha zamani linamaanisha wajibu na pia sala za saa maalumu. Anayekimbilia kuandika "ofisi" ameliua shairi. Mimi niliishia kwenye "faradhi", neno linalobeba wajibu na ibada kwa pamoja, kwa kuwa jambo analolisema mshairi ni kwamba baba yule alikuwa akisali kwa kuni na rangi ya viatu. Mwandishi wa wasifu aliyepita njia hiyo hawezi tena kuandika kwamba mshairi wake "aliandika kuhusu familia" akaridhika.

Fuatilia jina

Sasa nenda kwenye maisha, na uanze na jina, maana kwa washairi wengi Weusi wa Marekani jina si jambo la kupita. Mtoto aliyezaliwa Detroit mwaka 1913 aliitwa Asa Bundy Sheffey. Wazazi wake, Ruth na Asa Sheffey, walitengana, naye akiwa bado mdogo sana akachukuliwa na majirani, William na Sue Ellen Hayden, ambao walimlea katika mtaa wa maskini ulioitwa Paradise Valley na kumpa jina la Robert Hayden. Mama mzazi hakupotea. Alirudi kuishi karibu nao, na kijana akakua katikati ya mvutano wa wanawake wawili, kila mmoja akimdai. Baada ya kuwa mtu mzima, mwenye mke, mtoto na kazi ya chuo kikuu, aligundua kwamba wazazi wake wa kulea hawakuwahi kumwasili kisheria kama walivyomwambia, na kwamba katika vitabu vya serikali mtu aitwaye Robert Hayden hakuwepo. Jambo hilo alilitungia shairi, "Names", miaka mingi baadaye.

Mwandishi wa wasifu afanye nini? Amtaje kwa jina alilolitumia kutungia, aeleze jina la kuzaliwa mahali pake katika mtiririko wa maisha, na asimwite "Sheffey" katika aya za utotoni kwa kisingizio cha usahihi, kwani mtoto mwenyewe hakujiita hivyo. Tena asilitangulize fumbo la jina katika sentensi ya kwanza kama kivutio, kwa sababu mwenye jina alilijua akiwa amekaribia umri wa miaka 40, na msomaji akilijua mapema mno atausoma utoto wote kwa macho yasiyokuwa ya mtoto.

Jambo jingine la utotoni lisilostahili kuachwa ni macho. Hayden alikuwa haoni mbali, akivaa miwani mizito tangu utotoni, na michezo ya vijana wa mtaani haikumwezekana. Alisoma. Sentensi mbili zinatosha. Usijenge nadharia juu ya miwani.

Shairi si ushahidi wa mahakamani

Kosa ninalolikuta mara nyingi, hata kwa waandishi wazuri, ni kulichukua shairi na kulitumia kama cheti cha kuzaliwa. Nyumba yenye hasira katika "Those Winter Sundays" inafanana na nyumba ya akina Hayden, na William Hayden kweli alikuwa kibarua. Lakini shairi halisemi jina la baba, halisemi mji, na limenyamaza kabisa kuhusu mama wawili ambao tumekwisha kuwaona. Mshairi aliwaondoa. Huo uamuzi wa kuwaondoa ndio unaostahili kuandikwa: kwamba mtu aliyekuwa na kisa chenye kelele nyingi alichagua kubaki na mzee mmoja, moto na viatu. Kwa hiyo andika mambo mawili katika sentensi tofauti, lile linalojulikana kutokana na kumbukumbu za maisha na lile linalosemwa na shairi, kisha umwachie msomaji nafasi ya kuyalinganisha. Ukiyachanganya, utakuwa umetunga riwaya, na riwaya mbaya.

Tahadhari hiyo inageuka upande wa pili pale mshairi alipofanya utafiti. Baada ya kuondoka Detroit City College mwaka 1936, Hayden aliajiriwa katika Mradi wa Waandishi wa Serikali Kuu, uliokuwa sehemu ya mpango wa Rais Franklin Roosevelt wa kuwapa watu kazi wakati wa mdororo wa uchumi, na huko alichunguza historia na simulizi za watu Weusi wa Michigan. Tabia ya kuchimba nyaraka haikumtoka. "Middle Passage", shairi lake refu kuhusu meli za watumwa katika Atlantiki, linajengwa kwa majina ya meli, vipande vya shajara za mabaharia, maungamo, nyimbo za kanisani na maneno ya mahakamani, na linafikia kilele katika uasi wa mwaka 1839 ndani ya meli iitwayo Amistad, ambamo mateka wakiongozwa na Singbe Pieh, anayejulikana zaidi kwa jina la Cinqué, waliiteka meli karibu na Kuba. Mahakama Kuu ya Marekani iliwapa uhuru mwaka 1841. Kitu cha kushangaza ni kwamba wanaosema katika shairi hilo karibu wote ni wauzaji watumwa. Tunawasikia wakijitia hatiani kwa vinywa vyao wenyewe. Toleo la kwanza lilitoka katikati ya miaka ya 1940, naye akaendelea kulirekebisha mpaka likapata sura ya mwaka 1962.

Kwa hiyo unapoandika kuhusu shairi la namna hiyo, soma kwanza historia ya tukio lenyewe, ndipo uone mshairi amekata nini na ameongeza nini. Na mwandishi wa pwani yetu ajizuie kuingiza Bagamoyo na Unguja katika aya hiyo. Biashara ya utumwa ya Bahari ya Hindi ilikuwa na njia zake, wanunuzi wake na maumivu yake, nayo haikuwa mada ya Hayden.

Hesabu miaka ya darasani

Hapa ndipo wasifu wa mshairi mwalimu unapofaulu au kushindwa, na ndipo ninapomshauri mwandishi akae muda mrefu zaidi.

Chukua karatasi, uigawe katika safu mbili. Upande wa kushoto andika kazi za kufundisha. Upande wa kulia andika vitabu. Safu ya kushoto ya Hayden ni fupi. Alisoma shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa mshairi W. H. Auden, akaipata mwaka 1944, na akafundisha hapo kwa muda. Mwaka 1946 alihamia Chuo Kikuu cha Fisk, mjini Nashville, Tennessee, chuo cha kihistoria cha Weusi kilichoanzishwa mwaka 1866, akakaa hadi mwaka 1969, yaani miaka 23. Kisha akarudi Michigan akiwa profesa, akafundisha mpaka kifo chake. Safu ya kulia inaanza na "Heart-Shape in the Dust" ya mwaka 1940, kabla ya ualimu wowote. Wakati wa Fisk kuna kijitabu cha mwaka 1948 alichokitoa pamoja na Myron O'Higgins, kijitabu kingine cha mwaka 1955, "A Ballad of Remembrance" ya mwaka 1962, na mashairi teule ya mwaka 1966. Baada ya kurudi Michigan kuna vitabu vya miaka ya 1970, 1972, 1975 na 1978.

Ukizitazama safu hizo pamoja, unaona ambacho hakuna orodha ya tuzo itakayokuonyesha. Vitabu vinne katika miaka 23, viwili kati yake vikiwa vijitabu. Kisha vitabu vinne katika miaka tisa. Ni kweli kwamba kitabu cha mwaka 1975, "Angle of Ascent", kinabeba mashairi mengi ya zamani, kwa hiyo hesabu isitiwe chumvi. Lakini mwelekeo hauna ubishi. Huko Fisk Hayden alibeba vipindi vingi vya Kiingereza, na insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza zilimla usiku wake, katika mji ambao sheria ziliwatenga Weusi na Weupe mpaka miaka ya 1960. Yeyote aliyewahi kusahihisha rundo la insha hadi taa ya jirani izimwe anajua kwamba baada ya hapo ubeti hauji. Na kitabu chake cha kwanza cha ukomavu, kile cha mwaka 1962, hakikutolewa na mchapishaji wa Marekani. Kilitoka London, kwa mchapishaji Paul Breman.

Usigeuze aya hii kuwa kilio, hata hivyo. Ualimu ulimpa Hayden mshahara, wasikilizaji, na vijana Weusi waliokutana na mshairi aliye hai kabla ya kukutana naye katika kitabu. Mwaka 1967 alihariri mkusanyiko wa mashairi ya washairi Weusi wa Marekani, "Kaleidoscope", na kazi hiyo ni ya mwalimu kuliko ya mtunzi. Uzito wa vipindi na faida ya vipindi viandikwe katika aya moja, maana katika maisha yake havikutengana.

Mahali pa ugomvi, toa pande zote

Kila mshairi mwenye uzito ana mwaka mmoja ambao wasifu wake hauwezi kuupita haraka. Kwa Hayden ni mwaka 1966. Mwezi wa Aprili mwaka huo, mjini Dakar, Senegal, Rais Léopold Sédar Senghor, ambaye mwenyewe alikuwa mshairi, alikuwa mwenyeji wa Tamasha la Kwanza la Dunia la Sanaa za Watu Weusi, na katika tamasha hilo Hayden alipewa Tuzo Kuu ya Ushairi kwa kile kitabu kilichotoka London. Mwezi huohuo, katika chuo chake mwenyewe cha Fisk, ulifanyika mkutano wa waandishi Weusi ambapo alishambuliwa hadharani, kwa sababu alisisitiza kwamba yeye ni mshairi kwanza, ambaye ametokea kuwa Mweusi, na kwamba hataki kazi yake ipimwe kwa kipimo kingine kuliko ushairi. Melvin Tolson, mshairi na mwalimu mwenzake aliyemzidi umri, alimjibu mbele ya watu kwamba yeye ni mshairi Mweusi na hakutokea tu kwa bahati.

Mwandishi mvivu huchagua upande. Anayempenda Hayden huwafanya vijana wa mkutano ule kuwa wahuni. Anayeupenda wakati ule wa mapambano ya haki za Weusi humfanya Hayden kuwa msaliti. Njia iliyo bora ni kuyasoma mashairi yake kwa swali hilohilo mkononi. Mtu anayedaiwa kukwepa Weusi wake ndiye aliyetunga "Middle Passage", ndiye aliyemtungia Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mpinga utumwa mashuhuri, shairi la mishororo 14 ambamo uhuru unaahirishwa kutoka mshororo hadi mshororo kama ulivyoahirishwa katika historia, ndiye aliyemwimba Harriet Tubman, mwanamke aliyewatorosha watumwa, katika "Runagate Runagate" na, baada ya ule mkutano, akamwandika Malcolm X kwa jina lake la hija, El-Hajj Malik El-Shabazz. Alichokikataa kilikuwa lebo. Mada hakuwahi kuikataa. Kwa maoni yangu Tolson alikuwa na haki katika hoja yake na Hayden alikuwa na haki katika kazi yake, na wasifu hauna wajibu wa kuwapatanisha.

Ili msimamo wake ueleweke, taja dini. Katika miaka ya mwanzo ya 1940 Hayden na mkewe Erma, mpiga piano na mwalimu wa muziki aliyemwoa mwaka 1940, waliingia katika dini ya Wabahai, ambayo msingi wa mafundisho yake ni umoja wa wanadamu wote. Msomaji wa Afrika Mashariki ana mahali pa kuishika habari hiyo, kwani huenda amewahi kuliona hekalu la Wabahai lililofunguliwa mwaka 1961 juu ya kilima cha Kikaya, Kampala. Maneno ya Hayden mwaka 1966 yakisomwa bila dini hiyo yanasikika kama woga. Yakisomwa pamoja nayo yanasikika kama imani ya mtu, ambayo bado inaweza kubishiwa.

Vyeo vitajwe kwa majina yao ya wakati ule

Kutoka mwaka 1976 hadi 1978 Hayden alikuwa Mshauri wa Ushairi katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Mwamerika Mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kurasa nyingi zitakuambia alikuwa malenga wa taifa wa Marekani. Nafasi ni ileile, lakini cheo hicho kilibadilishwa jina mwaka 1986, miaka sita baada ya yeye kufariki, kwa hiyo andika jina la zamani kisha ueleze kwa kishazi kimoja lilivyokuja kubadilika. Uangalifu huohuo utumike kwa chuo alichosomea: Detroit City College ndicho kinachoitwa Wayne State University leo. Tuzo nyingine ziwekwe pamoja katika sentensi moja na ziachwe hapo.

Mwisho wa wasifu

Kitabu cha mwisho alichokitoa akiwa hai, "American Journal" cha mwaka 1978, kimebeba jina la shairi ambalo msemaji wake ni mgeni kutoka sayari nyingine, aliyetumwa kuwachunguza Wamarekani na kuandika taarifa juu yao. Anawashangaa, anawaogopa, na anakiri kuvutwa nao. Ukitaka kumwonyesha msomaji Hayden alikuwa amefika wapi katika ule ubishi wa mwaka 1966, eleza shairi hilo kabla ya kueleza ugonjwa.

Ugonjwa ulikuwa saratani. Tarehe 24 Februari 1980 Chuo Kikuu cha Michigan kilifanya siku ya kumuenzi, naye hakuweza kuhudhuria kwa kuwa alikuwa mgonjwa nyumbani. Alifariki siku iliyofuata, akiwa na umri wa miaka 66. Andika hivyohivyo, kwa sentensi fupi, wala usiongeze sifa za marehemu.